Nani athibitishe, lini, na kwa gharama ya nani: sheria kati ya uhuru wa vyombo vya habari na haki za watu

Katiba nyingi za leo zina ibara mbili ambazo ukizisoma moja moja huoni tatizo. Ya kwanza inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na wa kutafuta, kupokea na kusambaza habari. Ya pili inamlindia kila mtu heshima yake, faragha yake na familia yake. Gazeti likipata nyaraka za benki za waziri, au televisheni ikipata picha za mtu maarufu akitoka kliniki, ibara hizo hugongana, na mmoja kati ya mwandishi na aliyeandikwa lazima apoteze kitu.

Mabishano ya hadharani huishia kwenye swali la haki ipi ni nzito zaidi. Swali hilo halimsaidii mhariri, wala halimsaidii mtu aliyeandikwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 uliweka faragha na heshima katika ibara ya 17 na uhuru wa kujieleza katika ibara ya 19, bila kuipa yoyote kati yake daraja la juu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo imerudia mara nyingi kwamba haki hizo zinastahili heshima sawa. Kinachoamua kesi kwa kweli ni mambo manne yasiyovutia macho: nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, mahakama inaingilia kabla ya habari kutoka au baada, adhabu ni kubwa kiasi gani, na gharama za mawakili zinamwangukia nani. Nchi inaweza kuwa na katiba tamu, lakini ikikosea katika hayo manne, ama waandishi wake watanyamaza au raia wake wa kawaida watachafuliwa bila pa kukimbilia.

Kipimo chenye hatua tatu

Ibara ya 19 haitoi uhuru usio na mipaka. Aya yake ya tatu inaruhusu vizuizi, ila kwa masharti ambayo majaji wa nchi nyingi wanayatumia kama kipimo cha hatua tatu. Kwanza, kizuizi kiwe kimewekwa na sheria iliyo wazi kiasi kwamba mwandishi anaweza kujua, kabla hajachapisha, kama anavunja sheria. Pili, kilenge jambo halali: haki au sifa za watu wengine, usalama wa taifa, utulivu wa jamii, afya au maadili ya umma. Tatu, kiwe cha lazima na kisizidi kinachohitajika.

Hatua ya pili haiangushi serikali nyingi, maana lengo zuri la kuandika kwenye hati ya utetezi halikosekani. Huangukia kwenye ya kwanza na ya tatu. Septemba 1997 gazeti la The Monitor la Uganda lilichapisha habari, iliyonukuliwa kutoka jarida la nje, kwamba Laurent Kabila, rais wa Kongo, alikuwa ameilipa Uganda kwa dhahabu. Wanahabari wake Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuutia umma hofu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikibatilisha kifungu hicho. Ilisema katiba hailindi kauli za kweli peke yake, na kwamba hatari inayotumika kuhalalisha kizuizi iwe halisi, isiwe ya kukisia. Kifungu kinachomtaka mwandishi abashiri kama habari yake "inaweza" kuwatia watu hofu hakimwachii njia ya kujua mpaka uko wapi.

Suala la ukubwa wa adhabu lilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na likaamuliwa Desemba 2014. Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la kila wiki nchini Burkina Faso, alikuwa amechapisha makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka kwa mambo ya rushwa. Akahukumiwa kifungo cha miezi 12, akatozwa faini na fidia ya mamilioni ya faranga za CFA, na gazeti likafungiwa miezi 6. Mahakama haikusema kwamba mwendesha mashtaka hana heshima ya kulindwa. Ilisema kifungo kwa kashfa, yaani kwa maneno yanayomshushia mtu hadhi, kinapita kiasi, isipokuwa katika hali nzito na za nadra kama kuchochea uhalifu au chuki za kikabila. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuata mkondo huo Februari 2017 ilipokifuta kifungu cha 194 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya kashfa ya jinai na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Upande wa pili una hoja ambayo wanaharakati wa habari huiruka haraka mno. Kesi ya jinai haimgharimu mlalamikaji: polisi wanachunguza, mwendesha mashtaka anasimamia. Ukifuta jinai ukabakiza kesi za madai peke yake, mtu wa kipato kidogo aliyeitwa mwizi kwenye ukurasa wa mbele anabaki na haki ambayo hana pesa za kuidai. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu gharama. Lakini kesi za Uganda na Burkina Faso zilizotajwa hapo juu hazikuwa za mtu wa kipato kidogo. Zilifunguliwa kumtetea mwendesha mashtaka mmoja, au kuikinga serikali na habari inayoiudhi. Dawa ya gharama ni njia nafuu ya madai, haki ya kujibu inayotekelezeka ndani ya siku chache, na baraza la habari lenye uwezo wa kuamuru masahihisho. Kifungo hakimrudishii mtu jina lake.

Kashfa: mzigo uko begani mwa nani

Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, mdai wa kashfa ana kazi nyepesi mwanzoni. Anatakiwa aonyeshe kwamba maneno yamechapishwa, yanamhusu yeye, na yanashusha hadhi yake mbele ya watu wa kawaida wenye akili timamu. Hathibitishi kwamba ni uongo. Uongo unachukuliwa kuwapo, na gazeti ndilo linalotakiwa kuthibitisha ukweli. Utetezi mwingine ni maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi ya umma, na kinga ya kuripoti kwa usahihi yanayosemwa bungeni au mahakamani.

Mzigo huo una mantiki yake. Aliyeitwa mla rushwa hawezi kuthibitisha kwamba hajawahi kula rushwa. Aliyetoa tuhuma ndiye anayepaswa kuwa na ushahidi. Tatizo ni kwamba kuujua ukweli ni jambo moja, na kuuthibitisha mahakamani ni jingine. Chanzo cha habari kinaweza kukataa kutoa ushahidi, nyaraka halisi zikawa mikononi mwa mtuhumiwa mwenyewe, shahidi akahama nchi. Mhariri makini huua habari ya kweli kwa sababu hizo, na msomaji hatajua kwamba ilikuwepo.

Marekani iliugeuza mzigo huo mwaka 1964. Chanzo kilikuwa tangazo la kulipia katika The New York Times la tarehe 29 Machi 1960, lililoomba michango ya kumtetea Martin Luther King. Lilikuwa na makosa madogo: lilisema King amekamatwa mara 7 wakati alikuwa amekamatwa mara 4, na likataja wimbo ambao wanafunzi waandamanaji hawakuuimba. L. B. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa Montgomery, Alabama, hakutajwa kwa jina, lakini baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola 500,000. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Tangu hapo, afisa wa umma anayedai kashfa lazima athibitishe, kwa ushahidi wa wazi na wa kushawishi, kwamba mchapishaji alijua ni uongo au hakujali kama ni kweli au uongo. Kwa mtu binafsi, uamuzi wa Gertz wa 1974 uliruhusu majimbo yaridhike na kiwango cha chini zaidi, yaani uzembe.

Wapenzi wa uhuru wa habari huitaja kesi ya Sullivan kama kilele. Ina kasoro mbili zinazostahili kusemwa. Ya kwanza, kesi huhama kutoka kwenye swali la kama habari ni kweli kwenda kwenye swali la mwandishi aliwaza nini. Aliyesingiziwa anaweza kushindwa kesi bila mahakama kutamka popote kwamba alisingiziwa. Ya pili ni matokeo ya ya kwanza: kama kinachotafutwa ni nia, mdai ana haki ya kuitafuta. Mwaka 1979, katika kesi ya Herbert dhidi ya Lando, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba waandishi waulizwe mazungumzo na maamuzi yao ya ndani ya chumba cha habari. Kanuni iliyotungwa kuwalinda waandishi ikawafungulia mawakili wa wadai mlango wa madaftari yao.

Mahakama nyingine zilitafuta njia ya katikati: zikaacha kuuliza mwandishi aliwaza nini na kuuliza kama alifanya kazi kwa uangalifu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilisema katika kesi ya Bogoshi, 1998, kwamba kuchapisha jambo lililokuja kuonekana si kweli si kosa ikiwa ilikuwa busara kulichapisha kwa hali ilivyokuwa, na gazeti ndilo lithibitishe busara hiyo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Reynolds, majaji wa juu wa Uingereza walitoa orodha ya mambo 10 ya kuangalia, yakiwemo uzito wa tuhuma, chanzo, hatua za kuhakiki, uharaka wa habari, kama mhusika aliombwa kujibu, na lugha iliyotumika. Mahakama za chini zikaigeuza orodha kuwa mtihani wa maswali 10 ambao ukifeli moja umefeli yote. Ilibidi kesi ya Jameel ya 2006 isahihishe hilo, na Sheria ya Kashfa ya 2013 ikaweka swali fupi zaidi: je, habari ilihusu jambo lenye maslahi ya umma, na je, mchapishaji aliamini kwa sababu za msingi kwamba kuichapisha kuna maslahi hayo?

Kwa maoni yangu, njia hii ya uangalifu ndiyo yenye haki zaidi, kwa sababu inamhukumu mwandishi kwa kazi yake. Inadai nidhamu ambayo vyumba vingi vya habari havina. Ombi la majibu linapaswa kutaja tuhuma yenyewe moja moja, si kusema "tunaandaa habari inayokuhusu". Linapaswa kutoa muda unaolingana na uzito wa jambo. Saa moja kabla ya gazeti kwenda mtamboni si muda. Kiini cha majibu kiwekwe ndani ya habari hata kama ni cha kukanusha tu, na kumbukumbu za simu, barua pepe na rasimu zihifadhiwe zikiwa na tarehe. Kesi nyingi ambazo zingeweza kushinda huanguka kwa kuwa mwandishi alihakiki kweli, lakini hana karatasi ya kuonyesha.

Makosa mawili hujirudia mno. La kwanza ni kuamini kwamba kumnukuu mtu kunakukinga. Sheria ya Kiingereza haikubali hivyo: anayerudia kashfa anahesabiwa kama aliyeisema, hata akiandika "inadaiwa" katika kila sentensi. Kinga ipo kwa ripoti ya haki na sahihi ya mwenendo wa mahakama. Mwandishi anayeripoti ushahidi uliotolewa kizimbani yuko salama. Akitoka nje akamrekodi shahidi huyohuyo kwenye ngazi za mahakama akiongeza tuhuma ambayo hakuitoa ndani, kinga imeishia mlangoni.

La pili ni kupandisha maana bila kujua. Tangu kesi ya Chase ya 2002, mawakili wa Uingereza hutenganisha maana tatu ambazo habari ya tuhuma inaweza kubeba: kwamba mtu ametenda kosa, kwamba kuna sababu za msingi za kumshuku, na kwamba kuna sababu za kuchunguza kama alitenda. Kila ngazi ina ushahidi wake. Ya kwanza inadai uthibitisho wa kosa lenyewe, ya tatu inadai tu mambo yanayofanya uchunguzi ustahili. Mwandishi huandika habari ya ngazi ya tatu kwa uangalifu, kisha mtu wa zamu ya usiku anaweka kichwa cha habari cha ngazi ya kwanza ili kitoshe kwenye nafasi. Kwa gazeti la karatasi, mahakama ya Uingereza ilisema mwaka 1995 kwamba kichwa husomwa pamoja na habari nzima. Mtandaoni kichwa hutembea peke yake, na wengi hawafungui kilicho chini yake.

Faragha: ukweli hauwi tena utetezi

Kwenye kashfa, ukweli humaliza kesi. Kwenye faragha, ukweli ndio tatizo. Hakuna kesi inayoonyesha ugumu huu vizuri kama ya Naomi Campbell. Februari 2001 gazeti la Daily Mirror liliandika kwamba mwanamitindo huyo, ambaye alikuwa amekana hadharani kutumia dawa za kulevya, anahudhuria mikutano ya kundi la kusaidiana la waraibu, na likaweka picha zake akiwa mtaani nje ya mkutano. Majaji waliigawa habari hiyo katika vipande 5: kwamba ni mraibu, kwamba anatibiwa, kwamba matibabu ni ya kundi lile, maelezo ya mikutano yenyewe, na picha. Wakili wake mwenyewe alikubali kwamba viwili vya kwanza vilikuwa halali kuchapishwa, kwa kuwa alikuwa ameudanganya umma na gazeti lilikuwa na haki ya kusahihisha. Vita vilikuwa juu ya vitatu vilivyobaki. Mwaka 2004 alishinda kwa majaji 3 dhidi ya 2.

Namna hiyo ya kukata habari vipande ndiyo zana bora kuliko zote katika eneo hili. Maslahi ya umma yanaweza kuhalalisha sentensi moja bila kuhalalisha aya inayofuata, au maneno bila picha. Lakini majaji wawili waliopinga walikuwa na hoja ya kitaaluma: habari bila maelezo hukosa uzito na haiaminiki, na mhariri anahitaji nafasi ya kuamua namna ya kuieleza.

Kisha ikaja bili. Fidia ya Campbell ilikuwa paundi 3,500. Gharama za kisheria zilizodaiwa kwa gazeti zilipita paundi milioni moja, sehemu yake ikiwa nyongeza ambayo mawakili wake walistahili kulipwa wakishinda. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba faragha yake ilikuwa imevunjwa, lakini ikasema nyongeza hiyo imepita kiasi na inavunja uhuru wa habari. Mhariri anayesoma takwimu hizo haogopi paundi 3,500. Anachoogopa ni mwaliko wa kwenda mahakamani, hata akiwa na haki.

Mahakama ya Ulaya ilipanga vigezo vyake Februari 2012, katika kesi za Von Hannover na Axel Springer zilizoamuliwa siku moja. Je, habari inachangia mjadala wenye maslahi kwa jamii? Mhusika anajulikana kiasi gani, na amewahi kuishi vipi mbele ya kamera? Taarifa ilipatikanaje, na ni sahihi? Umbo na madhara ya chapisho ni yapi, na adhabu ilikuwa nzito kiasi gani? Picha ya Bintimfalme Caroline wa Monaco, mdai katika kesi ya Von Hannover, akiwa mapumzikoni kwenye theluji ilipita, kwa sababu iliambatana na habari kuhusu ugonjwa wa baba yake, aliyekuwa mtawala wa nchi, na jinsi familia ilivyoushughulikia. Udhaifu ni dhahiri: mhariri mjanja anaweza kubandika aya mbili za jambo la umma juu ya picha ya likizo. Vigezo hivyo vinasaidia baada ya tukio kuliko kabla yake.

Mpaka unaonitia wasiwasi zaidi uko kwenye uchunguzi wa jinai. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi iliyohusu shirika la habari la Bloomberg, kwamba kwa kawaida mtu anayechunguzwa ana matarajio halali ya faragha mpaka ashtakiwe. Sababu inaeleweka: umma huona moshi ukahukumu kuna moto, na uchunguzi ukifungwa kimya hakuna anayemsafisha mtu. Lakini chunguzi za ufisadi huchukua miaka, na nyingine hufa kwa sababu anayechunguzwa ana nguvu za kuziua. Kuandika kwamba uchunguzi upo ndiyo wakati mwingine njia pekee ya kuulinda usizimwe. Kanuni ambayo haitofautishi mtu wa kawaida anayeshukiwa jambo la nyumbani na mkuu wa kampuni anayeshukiwa kuhusu fedha za umma inawapa wakubwa kivuli ambacho hawakihitaji.

Watoto na waathirika wa ukatili wa kingono

Hapa sijaona hoja nzuri ya upande wa pili. Majina hayatajwi. Kosa la kawaida ni la vipande kukutana. Gazeti moja linamtaja mshtakiwa kwa jina na kuacha uhusiano wake na mtoto. Jingine linaficha jina lakini linasema alimdhulumu binti yake wa kambo. Kila moja limetii sheria. Msomaji wa yote mawili amemjua mtoto. Kinga ni vyumba vya habari kukubaliana muundo mmoja mapema. Uliozoeleka ni kumtaja mshtakiwa, na kuondoa uhusiano wa kifamilia, shule, mtaa na umri kamili wa mtoto. Picha ya nyumba huharibu yote hayo kwa sekunde moja.

Kabla au baada

Kwenye kashfa, mahakama za Kiingereza husita kuzuia habari kabla haijatoka. Tangu kesi ya Bonnard ya 1891, mchapishaji akisema atathibitisha ukweli, zuio la muda halitolewi, na mdai atasubiri fidia. Marekani ni kali zaidi: tangu kesi ya Near ya 1931, kuzuia kabla ya kuchapishwa karibu hakukubaliki.

Faragha inapinga mantiki hiyo. Heshima iliyochafuliwa inaweza kusafishwa na hukumu, lakini siri iliyotoka haiwezi kurudi. Kwa hiyo zuio la muda kwenye faragha hutolewa kwa urahisi zaidi, mradi mdai aonyeshe kwamba ana nafasi kubwa ya kushinda. Max Mosley, kiongozi wa mbio za magari aliyeshinda paundi 60,000 dhidi ya gazeti la News of the World mwaka 2008 kwa kuvunjiwa faragha, aliiomba Mahakama ya Ulaya ilazimishe magazeti kumjulisha mtu kabla ya kuchapisha mambo yake ya faragha, ili apate muda wa kwenda kwa jaji. Mwaka 2011 akakataliwa. Mahakama ilihofia kwamba wajibu huo ungewafunga mdomo hata wanaochunguza mambo mazito, na kwamba gazeti tajiri lingelipa faini na kuchapisha.

Hofu ya mahakama ilikuwa sahihi, lakini shida ya Mosley ilibaki palepale. Zuio lina thamani kwa yule tu anayejua kinachokuja. Matajiri wenye mawakili huambiwa mapema kwa njia zao; mtu wa kawaida huamka na kujikuta ukurasa wa kwanza.

Wenye fedha wana silaha nyingine: kesi isiyolenga kushinda, bali kumchosha mwandishi. Mwandishi wa habari za uchunguzi Daphne Caruana Galizia alipouawa Malta Oktoba 2017, alikuwa anakabiliwa na kesi zaidi ya 40 za kashfa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo yanayoruhusu mahakama kuzitupa mapema kesi zisizo na msingi zenye sura ya kuvuka mipaka ya nchi, kumtaka mdai aweke dhamana ya gharama, na kumbebesha gharama zote akionekana kutumia mahakama vibaya. Nazikubali hatua hizo, kwa tahadhari moja. Kutupa kesi mapema kunafaa mdai anapokuwa mwenye nguvu na jambo ni la umma. Ikitumiwa na kampuni kubwa ya habari dhidi ya mtu mmoja aliyeonewa, inageuka kuwa silaha ileile mkononi mwa upande mwingine.

Habari isiyozeeka

Mwaka 1848 Duke wa Brunswick alimtuma mtumishi anunue nakala ya gazeti la miaka 17 nyuma, kisha akashtaki, na mahakama ikakubali kwamba uuzaji wa nakala hiyo moja ni uchapishaji mpya. Kanuni hiyo iliishi mpaka enzi ya intaneti, ambako kila anayefungua ukurasa alihesabika kuwa mnunuzi mpya na muda wa kushtaki haukuisha. Sheria ya Uingereza ya 2013 iliifuta: mwaka mmoja unahesabiwa tangu chapisho la kwanza la mchapishaji huyo, ingawa jaji ana hiari ya kuuongeza.

Kwa faragha, shida ya kumbukumbu imechukua njia nyingine. Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimruhusu raia wa Hispania kuidai Google iondoe, kwenye matokeo ya kutafuta jina lake, viungo vya tangazo la mnada wa 1998 lililohusu madeni aliyokwisha kuyamaliza. Gazeti lenyewe halikuguswa. Julai 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya Hurbain dhidi ya Ubelgiji, kwa majaji 12 dhidi ya 5, ilikubali kwamba gazeti la Le Soir liliamriwa kihalali kuondoa jina la dereva kwenye habari ya mtandaoni ya ajali mbaya ya 1994. Dereva alikuwa ametumikia adhabu yake, na hakuwa mtu wa umma.

Namwonea huruma dereva huyo, kwa sababu kila mwajiri au jirani aliyetafuta jina lake alikutana na siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Hata hivyo nadhani waliokuwa wachache walikuwa karibu zaidi na haki. Ombi la kuondoa jina kwenye injini ya kutafuta linamfikia mtu anayepekua jina, na linaiacha nakala ya gazeti kama ilivyo. Ombi la kubadilisha kumbukumbu linamfanya mhariri awe mhakiki wa historia, akipima kila barua inayoingia kwa vigezo vya kisheria ambavyo hata majaji 17 hawakukubaliana juu yake. Gazeti dogo lisilo na mwanasheria halitapima. Litafuta tu, na wa kwanza kuandika barua hiyo hatakuwa dereva maskini. Atakuwa mwanasiasa anayejiandaa kugombea tena. Ndiyo maana hatua ya kwanza katika maombi ya namna hii ingefaa iwe injini ya kutafuta, na gazeti liguswe pale tu hatua hiyo imejaribiwa na mtu wa kawaida bado ameonyesha, kwa ushahidi, madhara yanayoendelea.